Barua ya Mwenye Ploti wa Kambu

Jumanne, 16 Septemba

Nyumba ya tano. Sebule, chumba, choo ndani, hakuna ngazi hata moja. Jana ajenti alinionyesha akicheka, akapima kwa hatua mahali kitanda cha Mwaitu, mama yangu, kingekaa. Leo saa saba amepiga simu. "Madam, hiyo ilienda."

Nimepita hapo nikitoka kazini, maabara ya hospitali. Kibao cha kupangisha bado kiko kwa geti. Nimechungulia dirishani. Tupu. Hata vumbi la sakafuni lina alama za viatu vyetu vya jana.

Ilienda wapi?

Mwaitu hajala mchana. Hataki kwenda chooni mara nyingi, ndiyo maana anajinyima chakula na maji. Choo cha hapa kwa Kavata, tulikojihifadhi, kiko nje, na kuna kidaraja cha saruji, kama ngazi, cha kupanda. Tangu avunjike nyonga kule Tseikuru mwezi wa saba na kufanyiwa operesheni, anatembea na fremu. Fremu haipandi kidaraja. Mama mzima anasubiri mimi nirudi kutoka kazini ndipo aende haja.

Alhamisi, 18 Septemba

Ya sita. Huyu ajenti ni msichana, anaitwa Mueni, ana adabu. Ofisi yao inataka barua kutoka kwa mwenye nyumba wa zamani. Nikasema hakuna shida. Nimekaa Kambu miaka minne kwa ploti ya Mzee Nzioki. Nimeondoka mwisho wa Agosti kwa sababu nimepata kazi hapa Kibwezi, si kwa sababu nimefukuzwa. Nilipaka ukuta rangi mwenyewe. Funguo nilimpa mkononi.

Nimempigia simu mchana. Amepokea kwa sauti ya ushemasi, maana ni shemasi wa kanisa letu. "Hakuna shida, binti yangu. Wape namba yangu, nitawaandikia."

Binti yangu. Miezi mitatu hakuwa ananisalimia. Labda hasira imeisha. Nimefurahi kama mjinga.

Jumamosi, 20 Septemba

Hakuna simu kutoka kwa Mueni. Nimefua. Nimefagia. Nimefagia tena.

Kavata ni binamu yangu na hajasema neno baya. Lakini leo amehamisha sufuria zake zote upande mmoja wa meza. Vyumba viwili, watu wanne. Naelewa. Nimejikunja.

Jumanne, 23 Septemba

Sasa najua.

Mueni aliningojea nje ya geti la hospitali. Alikuwa anaangalia nyuma yake. Akanipa simu yake nisome, akasema, "Dada, mimi sijakuonyesha."

Ninaandika hapa jinsi nilivyosoma, maana nimesoma mara tatu na sitasahau: "Huyu mama alikuwa kwangu. Ni mtu wa fujo. Analeta wanaume tofauti tofauti kwa ploti. Aliharibu tangi yangu ya maji na akaniletea serikali. Wapangaji watatu wamehama juu yake. Mkimpa nyumba msiseme hamkuambiwa. Mzee Nzioki, Kambu."

Hiyo aliitumia ofisi ya akina Mueni walipomwuliza. Lakini si wao tu. Tangu mwanzo wa mwezi huu iko kwa grupu ya wenye nyumba, watu zaidi ya mia, kuanzia Kambu hadi huku. Na picha yangu. Picha ya kanisa, siku ya akina mama, nimevaa kitenge cha kijani. Wengine wamekatwa, nimebaki peke yangu kama mtu anayetafutwa na polisi.

Wanaume tofauti tofauti. Ni Mutua, ndugu yangu wa tumbo moja, akipita na lori la mbuzi kutoka Tseikuru, na dereva wake. Walikuwa wanakula muthokoi wanakwenda zao. Mzee Nzioki amewahi kula nao.

 Leo nimerudia sampuli moja ya damu mara mbili kwa sababu sikuamini macho yangu.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemwandikia ujumbe mrefu. Nimefuta. Nimeandika tena. Nimefuta.

Nimempigia Mutua. Kosa. Anataka kushuka Kambu na vijana wanne. "Mwiitu wa mwaitu, dada yangu, wewe niachie mimi huyo mzee." Nikamwambia akikanyaga Kambu na vijana, ile barua itakuwa ya kweli. Amekata simu. Kisha amepiga tena kuuliza kama Mwaitu amekula.

Tangi. Wacha niandike jinsi ilivyokuwa, nisije nikaanza kujitilia shaka. Mwezi wa tano watoto wa ploti waliugua taifodi, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa Mwalimu Kioko, mlango wa pili kutoka kwangu, alilazwa. Nilichukua maji ya lile tangi la chini nikayapima. Yalikuwa na uchafu wa choo. Nilimwambia Mzee, faraghani, kwa heshima. Akasema ataona. Wiki tatu hakuona kitu. Ndipo nikaandikia watu wa afya ya umma. Walikuja, wakapima, wakafunga tangi mpaka ajenge shimo jipya la choo. Wapangaji watatu walihama, ndiyo. Walihama juu ya maji.

Sijaharibu kitu. Nilisema maji ni machafu. Ningenyamaza?

Ijumaa, 26 Septemba

Nimeomba ruhusa, nimeenda Kambu. Nilijiambia nitaongea polepole.

Mzee alikuwa barazani, mkewe Mama Ndinda anachagua pojo. Sikukaribishwa kiti. Nikasema, "Mzee, nimeona ulichoandika. Tafadhali kitoe."

"Umeona wapi?"

Sikujibu. Uso wa Mueni ulinijia, singeweza kumtaja.

"Mimi nimesema ninachojua. Kwani kuna sheria ya kunifunga mdomo kwa ploti yangu?"

Mama Ndinda hakuinua kichwa. Pojo zilikuwa zimeshachaguliwa, lakini vidole vyake viliendelea kuzisukuma huku na huku.

Nikaondoka. Sikulia mpaka nilipofika barabara ya lami, kwa wauza vitunguu. Mama mmoja aliniuliza kama nimefiwa. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Jumapili, 28 Septemba

Sikwenda kanisani. Mara ya kwanza tangu Mwaitu alazwe.

Pasta amepiga simu saa nane. Amesikia. Anasema tusianikane mbele ya watu, Mzee ni nguzo ya kanisa, nimsamehe na yaishe. Nikamwuliza kama amemwambia Mzee aombe msamaha. Akasema kila kitu kina wakati wake. Wakati wangu unakwisha, Pasta. Hiyo sikuisema. Nilisema asante.

Nina hasira na Pasta kuliko Mzee. Sijui kwa nini.

Jumanne, 30 Septemba

Kuna mama anayesaidia watu bila malipo kuhusu mambo ya sheria, kwa chumba kidogo karibu na korti. Madam Syombua. Si wakili, amesomea usaidizi wa sheria, lakini anajua njia zote. Nilikaa kwa benchi kutoka saa mbili hadi saa sita. Alinisikiliza bila kuandika, kisha akaniambia nianze upya, sasa akaandika.

Naweka hapa aliyosema, nisichanganye.

Baraza la kodi za nyumba halinisaidii. Hilo ni la mambo ya kodi na kufukuzwa. Mimi nimechafuliwa jina.

Korti ya madai madogo pia hapana. Haichukui kesi za kuchafuliwa jina. Inabidi korti ya hakimu, na huko ni wakili na ni muda. Na nina mwaka mmoja tu tangu maneno yatoke. Nikilala, imepita.

Halafu kitu kilichoniuma. Mwenye nyumba akiulizwa na mwenzake kuhusu mpangaji, sheria inamkinga. Hata akikosea, kama amesema kwa nia njema. Nikaruka. Nia njema gani? Madam Syombua akainua mkono. "Ngoja, Mwikali. Hiyo kinga inaanguka tukionyesha alikuwa na chuki. Na tena, ofisi ya huyo ajenti ilimwuliza. Watu mia kwa grupu, nani alimwuliza?"

Hapo nikapumua.

Njia nyingine: sheria ya kulinda habari za watu. Naweza kumwandikia Mzee anionyeshe kila alichoandika na kutuma kuhusu mimi, na picha. Ana siku saba. Naweza kudai arekebishe ya uwongo. Akikataa, nalalamika kwa ofisi ya serikali inayoshughulika na hayo. Kuna wanaobishana kama inamshika mtu wa ploti ya vyumba nane. Yeye anaona inamshika.

Ushahidi. Ndilo neno alilorudia. Nani atasema aliona ile barua?

Nikasema jina la Mueni. Mara moja nikatamani kulirudisha mdomoni.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimekutana na Mueni sokoni. Sikumwomba. Nilimwuliza tu kama anajua kuna njia ya sheria. Akajibu kabla sijamaliza. Ana mtoto, na ana mama mgonjwa kama mimi. Bosi wake akijua ni yeye, hana kazi. Lakini akasema nikikwama kabisa, atasimama.

Sitaki anikwamue mimi, kisha akwame yeye. Nimeamua kwenda kwa njia ya kumwandikia Mzee mwenyewe. Alichoniuliza barazani, "umeona wapi," sasa nitamjibu kwa barua: nionyeshe wewe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Barua imeenda. Madam Syombua aliniandikia ukurasa mmoja, hakuna matusi, hakuna Mungu ndani yake. Nilitaka kuongeza sentensi moja kuhusu dhamira. Akaikata kwa kalamu nyekundu. Imepelekwa kwa mkono, mlinzi wa ploti ametia sahihi.

Siku saba.

Jumatano, 8 Oktoba

Mwaitu ameanguka.

Alijaribu kupanda kile kidaraja peke yake. Kavata alimkuta amekaa chini, ameshika fremu, anasema yuko sawa. Picha za eksirei zinaonyesha nyonga haijavunjika tena. Bega limevimba. Daktari amesema ilibaki kidogo.

Nimemfokea. Mama yangu mzazi, mbele ya watu. Kwa nini hukungoja? Akanitazama akasema kwa Kikamba kwamba amechoka kungoja kama ndama aliyefungwa. 

Ni mimi nimemleta huku. Ni mimi niliandikia watu wa afya. Leo, kwa mara ya kwanza, nimejiuliza kama ningenyamaza tu kuhusu yale maji. Nachukia kwamba nimejiuliza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Simu ya nyumba ya saba. Nimeshindwa kupiga. Nimeshika simu nusu saa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilimwendea Mwalimu Kioko, ajitolee kuwa shahidi wa maji. Mtoto wake ndiye aliyelazwa. Alinipa chai. Alinisifu. Kisha akasema bado anakaa kwa Mzee Nzioki, shule iko karibu, nimwelewe. Mkewe alinisindikiza mpaka getini bila kuniangalia.

Namwelewa. Na sitaki kumwona tena. Yote mawili.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya saba. Saa nne asubuhi, nikiwa natenganisha sampuli, simu imelia ujumbe. Ni Mzee.

Ametuma yote. Ile barua, ile picha, hata majibu ya watu kwa grupu. Na chini yake: "Ndiyo mimi niliandika. Na nitaandika tena. Ulinifungia tangi, nami nikufungie milango. Nenda nayo kortini."

Nilisoma nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena.

Amejishika mwenyewe. Kwa mkono wake, kwa namba yake. Nikufungie milango.

Madam Syombua alipoiona hakucheka. Alivua miwani akaifuta. "Hii ndiyo chuki, imeandikwa na mwenyewe." Hatuhitaji Mueni. Nimerudi kazini nikitembea haraka mpaka viatu vikaniuma.

Jumanne, 14 Oktoba

Kitu kingine. Afisa wa wafanyakazi hospitalini alisikia nikiongea, akaniita. Nilidhani ni mabaya. Mwezi wa pili nilipoomba kazi hii walitaka uthibitisho wa makazi. Iko kwa faili. Barua ya Mzee Nzioki, mwandiko wake: "Mwikali ni mpangaji mtulivu, safi, nimekaa naye vizuri." Mwezi wa pili. Tangi lilifungwa mwezi wa sita.

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilishikilia nakala nikasikia huzuni badala ya ushindi. Alikuwa anamaanisha, wakati ule. Siku zile akiuza maembe alikuwa ananiwekea ndoo mlangoni.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mueni amefukuzwa.

Mzee alipiga simu kwa ofisi yao, akauliza ni nani alinipa habari. Bosi akaangalia ni nani aliyekuwa anashughulikia nyumba ile. Ilichukua dakika tano, Mueni anasema.

Hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Anasema atauza tikiti maji barabarani na dada yake Kambu mpaka apate kitu. Nimemwambia Madam Syombua amsaidie kuhusu kazi yake. Atamwona wiki ijayo. Sijui kama kuna kitu. Alikuwa kibarua, hana hata karatasi ya mkataba.

Sijala leo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wakili wa kujitolea aliyenitafutia Madam Syombua ametia sahihi barua ya madai. Siku kumi na nne. Mzee aondoe maneno, aandike ya kuyakanusha pale pale alipoyaandika, aandikie kila ajenti aliyempa. Akikataa, korti ya hakimu. Nakala ya barua ya mwezi wa pili imeambatishwa, na ripoti ya watu wa afya, na ule ujumbe wake wa milango.

Mutua anauliza kwa nini hatudai fidia. Nikamwambia korti ni miaka. Mwaitu hana miaka ya kungojea choo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nyumba ya nane. Ploti ya Mama Fardosa, nyuma ya soko. Ana duka la nguo, familia yao ni ya Garissa, kaka zake wanafanya biashara ya ng'ombe. Vyumba vya chini, mlango mpana, choo ndani. Fremu ya Mwaitu ingepita bila kugusa ukuta.

Sikungoja aulize. Nilimwambia kabla sijaingia: kuna barua kuhusu mimi, inasema hivi na hivi, na huu ndio ukweli. Nikaweka karatasi zote mezani pake.

Akasema, "Mimi nilisoma hiyo. Iko kwa simu yangu."

Nikasimama kuondoka.

"Keti. Wewe ndiye ulipima maji ya mzee? Basi pima yangu pia. Watu wangu wanakunywa hayo maji."

Nimechukua chupa mbili. Sijui kama amenikubali au amepata kazi ya bure. Anasema nyumba ni ya familia, lazima aongee na kaka zake. Nimeipenda ile nyumba mpaka naogopa kuiandika.

Jumanne, 21 Oktoba

Maji ya Mama Fardosa ni safi. Nimempelekea matokeo. Amesoma mstari kwa mstari, ameyabandika ukutani dukani.

Kaka zake wamesema wangoje. Hawataki ugomvi na wenye nyumba wa grupu. Mambo yangu na yule mzee yakiisha, nirudi. Ameniahidi hataipangisha mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo hawezi kuahidi.

Kila kitu kimerudi kwa mkono wa Mzee Nzioki.

Ijumaa, 24 Oktoba

Hakuna neno kutoka Kambu. Joto. Mawingu yanakuja yanatawanyika. Wakulima wamepanda kwa vumbi, wanaangalia juu. Mimi naangalia simu.

Nimeweka lebo mbaya kwa chupa moja leo. Niligundua kabla haijatoka. Sijawahi. Miaka kumi na moja sijawahi.

Jumapili, 26 Oktoba

Nilikwenda kanisani. Nilikaa safu ya tatu. Wanawake wawili walisogea. Mmoja, mama mzee nisiyemjua jina, alikuja akakaa pale walipotoka. Alinishikisha kitabu chake cha nyimbo kwa sababu sikuwa na changu.

Mzee Nzioki ndiye aliyetoa matangazo. Alisoma vizuri. Hakutazama upande wangu hata mara moja.

Jumatano, 29 Oktoba

Ameitika. Mwanawe wa Machakos alisoma ile barua ya wakili akamwambia baba, hii ni korti, si mchezo. Tumekutana leo kwa chumba cha Madam Syombua. Mzee, Mama Ndinda, Pasta. Mimi, Mutua, wakili. Mutua alikaa juu ya mikono yake, nilimwomba hivyo.

Mzee alianza kwa kusema nilimdhalilisha mbele ya wapangaji wake. Kwamba alijenga ile ploti kwa miaka ishirini, tofali kwa tofali, na maafisa walikuja na gari wakafunga tangi watoto wakitazama. Sauti yake ilikatika. Nilishangaa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba aliona aibu. Nilidhani ni kiburi tu.

Lakini akamalizia, "Na yote niliyoandika ni kweli. Aliharibu tangi."

Pasta akaanza kusema habari ya upendo. Mama Ndinda akamkatiza. Yule mama ambaye kwa miaka minne nilisikia sauti yake kwa salamu tu.

"Tangi ilikuwa chafu," akasema. "Mimi mwenyewe niliugua. Nilikwambia, Baba Ndinda. Nilikwambia kabla ya huyu. Ukaniambia ni tumbo la uzee."

 Wakili aliacha kuandika.

"Na hao wanaume ni ndugu yake. Niliwapikia. Huyu hapa ameketi." Akamwonyesha Mutua kwa kidevu.

Mzee aliangalia mikono yake. Nilitaka kumchukia hapo vizuri, nikashindwa. Kisha akavuta karatasi ya makubaliano akaisoma polepole, akatia sahihi. Hakusema pole. Nilingoja aseme. Alivaa kofia akatoka, na Mama Ndinda akatoka nyuma yake na mkoba wa wote wawili.

Mutua alisema nje kwamba nimeuza kesi kwa bei ya karatasi. Labda. Wakili ameweka faili, maana mwaka haujaisha. Akirudia, tunaanza pale tulipoachia.

Alhamisi, 30 Oktoba

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mama Fardosa amenitumia. Iko kwa grupu, kwa namba ya Mzee: "Mimi Nzioki wa Kambu naondoa maneno niliyoandika juu ya Mwikali. Hakuharibu tangi. Wageni wake walikuwa ndugu. Alikaa kwangu miaka minne bila shida. Nilikosea kuweka picha yake." Picha imetolewa.

Watu sita walijibu kwa kidole gumba. Watu mia walisoma ile ya kwanza.

Nilidhani nitaruka. Nilienda choo cha wafanyakazi nikaosha uso.

Jumatatu, 3 Novemba

Tumehamia kwa Mama Fardosa jana, kwa mkokoteni safari mbili. Mmoja wa kaka zake alibeba meza yangu kichwani.

Leo yule ajenti wa nyumba ya tano amepiga simu. "Madam, ile nyumba imerudi soko." Nikamwambia nimepata. Akasema yeye alikuwa anafuata maagizo tu. Nikakata simu. Sikuwa na hasira ya kumtosha.

Nimepita Kambu kumwona Mueni. Madam Syombua alimwandikia yule bosi, akamlipa siku zake za mwisho, basi. Kazi hakurudishiwa. Ameuza tikiti nyingi, amechomwa na jua. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Dada, ningekuonyesha tena." Akanikatia kipande, nikala nimesimama hapo kando ya malori. Kuna nafasi ya karani wa mapokezi hospitalini, nimempa fomu. Sijamwahidi kitu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mama Ndinda amekuja hospitalini kupima. Alikuwa kwa foleni kama watu wote. Nilimtoa damu mimi mwenyewe. Mshipa wake ni mwembamba, nilikwenda polepole.  Nilipomaliza alibonyeza pamba mwenyewe, akasema shimo jipya limekamilika, na maji yanachemshwa.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ilinyesha kutoka alfajiri mpaka saa nne, kisha jua.

Mwaitu ameoga peke yake. Nilisikia maji yakimwagika, nikasimama nje ya mlango, nikajilazimisha kwenda jikoni. Ametoka amejifunga leso yake, akaketi mlangoni akaanza kuongea Kikamba na mama mkwe wa Mama Fardosa, ambaye hajui Kikamba. Walielewana kuhusu kuku.

Sikwenda kanisani. Si kwa hasira. Nilichoka tu.

Hakuna simu leo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilijilaza mchana juu ya kitanda bila kuvua viatu, mlango wazi, nikawasikia wale wazee wawili wakicheka, nikalala mpaka saa kumi.